Haina Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nilipewa na ofisi mwisho wa mwaka, pamoja na kalamu mbili zisizoandika, zawadi kwa watumishi wa muda mrefu. Nimekuwa nikilitumia kuzuia dirisha lisijifunge. Leo mvua imeanza, dirisha halina budi kufungwa, na daftari limebaki halina kazi. Basi nimelipa kazi. Kwa miaka ishirini na tisa nimekaa meza ya tatu, Kitengo cha Uchambuzi wa Miswada, nikiandika maoni juu ya maneno ya watu wengine. Ofisini wananiita Bi Ibara. Wakinikasirikia wananiita mengine, na mengine hayo nayajua.

Asubuhi Mkuu wetu ametugawia miswada minne ya kurekebisha uendeshaji wa jiji. Wa kwanza, unaofuta kamati za kata, kampa Nukta wa meza ya kwanza, bwana anayeweza kumaliza siku nzima akihamisha mkato mmoja. Mimi nimepata wa tatu, unaoanzisha Mamlaka ya Mifereji. Utaratibu ni uleule: jalada halitoki mezani kwako, na la mwenzako huligusi. Mwaka juzi muswada ulivuja magazetini, na tangu hapo tunakaa chumba kimoja kama wake wenza, kila mtu na sufuria yake. Tuna siku kumi na nne. Ukimaliza kusoma unagonga muhuri. Wangu una namba 3 na maneno mawili, HAINA KASORO.

Nimebakiza miezi saba nistaafu. Huu utakuwa muswada wangu mkubwa wa mwisho, na nimeamua kuusoma kwa meno.

Jumanne, 4 Machi

Ibara ya 1 hadi ya 7, tafsiri za maneno. "Mfereji" umetafsiriwa kwa mistari kumi na moja. Manyunyu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda mtaa wa chini kumwona Mama. Anakaa na kaka yangu, ambaye watu wote wanamwita Komeo kwa sababu ya kazi yake. Yeye ndiye mlinzi wa lango la mfereji mkuu, lile bamba la chuma nyuma ya nyumba, lenye gurudumu la kuzungusha kwa mikono. Mizunguko arobaini na miwili kulifungua lote. Kwenye ukuta wa mfereji kuna alama tatu za rangi: nyeupe, njano, nyekundu. Maji yakifika nyekundu lango lisipofunguliwa, yanarudi nyuma na kuingia majumbani. Likifunguliwa, yanatoka kwenda uwandani, ambako zamani palikuwa majani matupu na sasa pamejengwa maghala ya wakubwa. Kwa hiyo kila mvua ikija kuna mtu wa kulowa, na swali ni nani.

Kwa sheria ya sasa amri ya kufungua hutolewa na mwenyekiti wa kamati ya kata. Mwenyekiti ni muuza nyama, mtu wa kelele na tumbo. Mwaka jana maji yalifika nyekundu yeye yuko harusini, simu kaizima. Mama alikaa juu ya meza kwa saa mbili, miguu ikining'inia. Mwishowe Komeo alifungua kwa kichwa chake, na kamati ikamkata mshahara. Sijamsamehe yule muuza nyama mpaka leo.

"Huo muswada wenu utatusaidia?" Komeo aliniuliza.

"Utakusaidia wewe kwanza. Hutapokea tena amri ya mtu aliyeshika kisu cha bucha."

"Anapokishika kile kisu angalau najua yuko dukani," alisema, akacheka.

Nilipitia kwa fundi viatu, jirani yao wa nyumba ya kwanza kutoka langoni, ile ya kushuka ngazi tatu. Mguu wake mmoja umekufa tangu zamani. Nilimwachia viatu vyangu vyeusi, soli imeachia. Kasema nikija tena nitavikuta.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefanya kazi nzuri na sioni haya kujisifu.

Ibara ya 19 ilisema mtu yeyote atakayefungua lango la mfereji bila kibali cha ofisa mwenye dhamana atakuwa ametenda kosa, adhabu yake kifungo kisichozidi miaka miwili. Kibali gani? Cha mdomo? Cha kunong'onezwa harusini? Nimependekeza "kibali cha maandishi". Mkuu kasoma, katikisa kichwa kwa kuridhika, kasema, "Bi Ibara, ukiondoka wewe tutapata tabu." Ibara ya 20 nimeiacha ilivyo, ni nzuri: ofisa akitoa kibali bila kuwa na mamlaka, kosa ni lake yeye, si la aliyetekeleza. Nilipokuwa nikiisoma nilimfikiria Komeo na mshahara wake uliokatwa. Sheria hii ingekuwapo mwaka jana, wangekoma.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemaliza. Kurasa sitini na nne, nimezisoma mara tatu, nikagonga muhuri saa saba na robo.

Nukta naye kamaliza wake. Tulikwenda kunywa chai kantini tukazungumzia magoti yake.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Baraza la jiji limepitisha miswada yote minne kwa mpigo, kati ya saa nne na chai ya saa tano. Madiwani walipiga meza. Meya atasaini tarehe mosi.

Jumatano, 2 Aprili

Imesainiwa jana. Sasa ni sheria, na ibara zangu zinaitwa vifungu. Jioni nilipita mtaa wa chini nikamweleza Komeo, kidole kikiwa hewani kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Kaka, kuanzia sasa usiguse lile gurudumu bila karatasi. Akikwambia muuza nyama, usiguse. Akija meya mwenyewe na suti yake, mwambie alete karatasi. Ni miaka miwili jela, nimeisoma mimi mwenyewe."

"Hata maji yakifika nyekundu?"

"Yakifika njano utakuwa umeshaletewa. Ndiyo maana ya mamlaka."

Komeo hajasoma sana, lakini akikuamini anakuamini mzimamzima. Alichukua nyundo akapigilia msumari kwenye ukuta wa kibanda chake, karibu na gurudumu. Wa kutundikia vibali. Mama alitazama ule msumari, akasema haya, Mungu awalinde wenye karatasi.

Viatu tayari. Fundi kaweka soli mpya na kazitia nta. "Hizi zitakufikisha kwenye pensheni," kasema.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekaa jikoni kwangu. Nitaandika pole pole.

Leo mchana nilimpelekea Mama dawa ya kifua. Njiani nikamkuta muuza nyama juu ya ngazi, anang'oa kibao cha kamati ya kata. Sikutaka kumsalimia, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Dada wa serikali, njoo ushike ngazi. Wewe ndiye uliyetufuta, basi angalau nisianguke."

"Mmefutwa lini?"

"Tangu tarehe mosi. Barua ilisema mara moja, bila kuchelewa, tukabidhi mihuri."

Nikashika ngazi. Nikauliza, kwa mzaha tu, sasa maji yakija kibali atatoa nani. Akasema, "Si hiyo mamlaka yenu."

Nikafungua mdomo kumjibu, ndipo nikakumbuka. Mamlaka ya Mifereji inaanza tarehe mosi Julai. Ibara ya 2. Niliisoma mara tatu na ilikuwa sawa kabisa: ofisi mpya, mwaka mpya wa fedha. Mpaka Julai hakuna mkurugenzi wala ofisa mwenye dhamana, wala kiti cha kumkalisha. Ila kifungu cha adhabu kilianza kutumika siku ya kusainiwa, kwa sababu kiko kwenye sehemu ya makosa, na sehemu ya makosa huanza mara moja.

Nilirudi ofisini mbio. Nukta alikuwa anajiandaa kuondoka. Nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu utaratibu ule uwekwe: nilifungua jalada lake. Ibara ya 3, kamati za kata zinavunjwa siku ya kusainiwa. Ni sentensi safi, haina kasoro. Lake liko sawa na langu liko sawa, na katikati yake kuna miezi mitatu ya mvua ambayo mtu yeyote akigusa lango atakwenda jela, na hakuna binadamu katika jiji hili anayeweza kumpa ruhusa.

"Uliliona hili?" nilimuuliza Nukta.

Alivaa koti lake mkono mmoja mmoja. "Nilijiuliza. Nikadhani mtu wa mifereji atakuwa ameliangalia."

"Mtu wa mifereji ni mimi. Nakaa mita mbili kutoka hapa."

"Bibie, halikuwa jalada langu," akasema, na akaenda zake.

Nilitaka kumrushia kitu. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nami sikumuuliza. Siku kumi na nne tulikunywa chai pamoja tukazungumzia magoti.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwambia Mkuu. Alinisikiliza vizuri, alifunga mlango, aliniagizia chai. Anasema ni pengo kweli, lakini marekebisho lazima yapite barazani, na baraza linakaa Juni. Kwa sasa niandike dokezo, liende masjala, lipewe namba, limfikie Mwanasheria wa Jiji, ndipo na yeye amshauri meya. Nikamwambia mvua haisubiri namba. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Bi Ibara, umebakiza miezi mingapi?" Nikajibu, "Sita na kitu." Akasema, "Basi tulia."

Dokezo nimeliandika kurasa mbili, nimelipeleka masjala mwenyewe.

Nilimpigia Komeo. Sikumwambia pengo. Nilimwambia avumilie, karatasi zinakuja. Nimemdanganya kaka yangu mkubwa, na ametuma salamu kwa ofisi nzima.

Jumamosi, 12 Aprili

Komeo ameanza kunitumia ujumbe kila asubuhi, neno moja. Leo: Nyeupe.

Jumatatu, 14 Aprili

Nyeupe. Dokezo liko masjala.

Jumanne, 15 Aprili

Nyeupe. Dokezo liko masjala, karani anasema daftari la namba limejaa, wameagiza jipya.

Alhamisi, 17 Aprili

Njano. Nilikwenda kwa Mwanasheria wa Jiji bila miadi nikakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa nane. Yuko semina. Semina ya utawala bora wa miji.

Mchana maji yakashuka tena. Nililia chooni kwa kufarijika, mwanamke wa umri wangu.

Jumamosi, 19 Aprili

Muuza nyama amenipigia simu, sijui namba kaipata wapi. Amekuwa akizunguka mtaani akiwaambia watu wapandishe vitu juu, na kila asubuhi anakwenda kusimama langoni na Komeo. Mtu asiye na cheo tena. Akaniuliza waziwazi, "Hizo karatasi zipo au hazipo?"

Nikamwambia hazipo. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia ukweli, na humu ndani nilimwita mtu wa kelele na tumbo.

"Basi mwambie kaka yako ukweli, asije akangoja kitu kisichokuja."

Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia. Nikimwambia hakuna karatasi, atafungua bila karatasi, na atafungwa. Nisipomwambia atangoja. Nimeligeuza jambo hili huku na huku siku nzima na kila upande una mtu wangu. Na methali ile ya ufa na ukuta mtu asinitajie, najua ufa uko wapi, umo katikati ya meza ya kwanza na ya tatu.

Jumatatu, 21 Aprili

Njano. Dokezo limepata namba.

Jumatano, 23 Aprili

Njano tangu jana. Mvua haijakata hata dakika. Nimeweka muhuri wangu kwenye mkoba. Sijui kwa nini, ni marufuku kutoka nao. Nasema uongo. Najua kwa nini, ila sijathubutu.

Ijumaa, 25 Aprili

Ukurasa unaofuata baada ya ule wa tarehe 23 umechanwa. Nitaeleza.

Jana saa mbili na nusu asubuhi Komeo alinitumia: Nyekundu. Nikampigia. Akasema, "Mdogo wangu, nimeshika gurudumu. Karatasi iko njiani?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza kama chai imechemka. Nikamwambia subiri. Hilo ndilo neno nililolisema. Subiri.

Niliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Nikamwomba aandike mstari mmoja tu, mstari wowote. Akasema hana mamlaka hayo, na mimi ndiye ninayejua zaidi kuliko mtu yeyote kwamba hana. Alisema kweli. Nikatoka. Magari yalikuwa yamesimama, barabara imekuwa mto, nikaenda kwa miguu, nikishikilia kuta. Niliangalia saa nilipofika langoni: saa tatu na dakika ishirini na tano.

Maji yalikuwa yamepita nyekundu kwa urefu wa mkono. Komeo alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, maji kiunoni, amekumbatia chuma, na muuza nyama anamvuta bega.

"Fungua, nitabeba mimi," muuza nyama alikuwa anasema. "Nimekwambia nitabeba mimi."

"Wewe si mwenyekiti tena," Komeo akamjibu. "Dada yangu kasema karatasi. Dada yangu anazijua sheria." Akaniona. "Huyo hapo. Umeileta?"

Sijawahi kuaminiwa namna ile, na sitaki kuaminiwa hivyo tena.

Niliingia kibandani. Nikatoa daftari hili, nikachana ukurasa, nikaandika kwa kalamu: Mlinzi wa lango anaruhusiwa kufungua lango la mfereji mkuu sasa hivi. Nikaandika tarehe, saa, cheo changu, jina langu lote, nikasaini. Nikagonga muhuri namba 3. Kifungu cha 20 nakijua kwa moyo, nilikipitisha mimi. Tangu wino ule uguse karatasi kosa halikuwa la Komeo tena, lilikuwa langu. Nikamwonyesha. Akaisoma yote, mdomo ukitikisika, huku maji yanapanda. Akaitundika kwenye msumari wake. Ndipo akafungua. Muuza nyama alisaidia kuzungusha na mimi nilihesabu, mizunguko arobaini na miwili.

Maji yalianza kushuka karibu saa nne. Muuza nyama alimtoa Mama nje akiwa amembeba mgongoni. Nilidhani tumenusurika.

Fundi viatu tulimkuta nyuma ya mlango wake. Mlango unafungukia ndani, na maji yalikuwa yameubana. Wifi yangu, mke wa Komeo, anasema alimsikia akigonga. Alidhani ni debe linapigwa na maji. Aligonga kwa muda mrefu, anasema, halafu akaacha.

Tangu nyekundu hadi karatasi ni dakika hamsini na tano. Karatasi yenyewe niliiandika kwa dakika mbili. Ningeweza kuiandika tarehe tisa jikoni kwangu, ikakaa kwenye msumari ikisubiri. Muhuri ulikuwapo, daftari lilikuwapo, kifungu cha 20 kilikuwapo. Sikuiandika kwa sababu nilitaka kustaafu.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumemzika. Nilivaa viatu vyeusi.

Jumatatu, 28 Aprili

Komeo amekamatwa. Wenye maghala wamelalamika, saruji yao imeganda kwenye mifuko na sukari imekuwa maji. Shtaka ni kifungu cha 19, kufungua lango bila kibali cha maandishi. Yale maneno yangu mawili yameandikwa kwenye hati ya mashtaka kwa herufi kubwa.

Nikawaambia polisi kibali kipo, kiko msumarini. Walikwenda wakakileta. Upepo wa mvua ulikuwa umekipiga siku nzima. Wino wa kalamu umetoka wote, limebaki wingu la buluu. Kilichobaki ni muhuri, kwa sababu wino wake ni wa mafuta. HAINA KASORO, namba 3, kwenye karatasi tupu.

Nikasema niliandika mimi. Ofisa akaniuliza wapi, lini, nani alishuhudia. Nikamtaja muuza nyama. Akasema huyo ni mwenyekiti aliyefukuzwa, ana kinyongo na jiji.

Jumatano, 30 Aprili

Mkuu aliniita. Chai tena, mlango tena.

Kasema amefikiria sana juu yangu. Kasema wanaamini kaka yangu aligonga muhuri mwenyewe, na kwamba hilo linawezekana kabisa, kwani muhuri ungeweza kusahauliwa nyumbani kwa mama yangu. "Watu wazee husahau vitu, Bi Ibara. Wewe andika tu kwamba ulipotea. Kaka yako atapata mwaka, labda miezi, ni mtu wa kawaida, watamhurumia. Ukisema uliandika wewe, ni ofisa wa miaka ishirini na tisa aliyeghushi mamlaka. Hapo hakuna pensheni, na kwa kifo kile watakuongezea mengine."

Nikamuuliza dokezo langu liko wapi. Akanywa chai yake. Kasema masjala hawana kumbukumbu ya dokezo lolote la tarehe kumi.

Nilikuwa nikimheshimu mtu huyu. Alinifundisha kazi. Nilipofiwa na mume wangu alikuja siku tatu mfululizo. Sasa namwona amekaa pale, mpole, na upole wake wote ni wa kuniomba nimzike kaka yangu akiwa hai. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilisema nitafikiria.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeruhusiwa kumwona Komeo dakika kumi. Amekonda. Aliniuliza Mama anakula, lango analifunga nani, na kama kutu imeshika gurudumu.

"Wanasema karatasi ni tupu," aliniambia. "Nikawaambia haikuwa tupu, niliisoma. Hawaniamini. Lakini wewe utawaambia, wewe wanakujua." Halafu akashusha sauti. "Yule fundi. Ningefungua mapema, angekuwepo?"

Nikasema, "Ulifuata nilichokwambia."

"Ndiyo," akasema. "Lakini nakuuliza."

Nikasema ndiyo, angekuwepo. Komeo akaweka paji la uso kwenye waya mpaka dakika zikaisha.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imekata. Mama ameanika magodoro juani. Alinisikiliza yote, maana nilimwambia yote, la Mkuu pia. Nilitegemea atalia, au aniambie nimwokoe mwanawe. Akageuza godoro upande wa pili.

"Nyote wawili niliwazaa mimi," akasema. "Usiniulize nimtoe yupi. Ila yule mwingine yuko ndani kwa sababu alikuamini."

Tukavuta godoro la pili pamoja.

Nilikuwa na usiku wa kufikiri lakini sikuuhitaji. Nilipofungua mkoba nipate leso ya kufuta mikono, daftari hili likaanguka likafunguka lenyewe pale lilipochanwa. Nililichana vibaya, kwa haraka. Ukingo umebaki na meno, na juu kuna pembe ndogo iliyoshikilia nusu ya mstari mwekundu wa pambizo. Nusu nyingine iko kwenye karatasi yao. Wino unafutika, ila hayo meno hakuna mvua inayoyafuta.

Jumatatu, 5 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha polisi, nasubiri kaunta ifunguliwe.

Kwako ofisa utakayelipokea daftari hili. Chukua ile karatasi ya msumarini uiweke kwenye ukingo uliochanika, baada ya tarehe 23 Aprili. Vitakaa sawa. Utajua karatasi imetoka humu, na humu mna mwandiko wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha soma kifungu cha 20 umwachie kaka yangu. Halafu rudi tarehe 10 Aprili, uulize masjala dokezo lilikwenda wapi. Utakuta pia mambo ya kunifunga mimi, hasa ya tarehe 9, 19 na 25. Nilikuwa na wembe nyumbani na ningeweza kuyatoa, lakini nilifikiri ukikuta kingo mbili zilizochanwa hutajua uamini upi.

Jana nilikaa nalo mezani nikalisoma lote mara tatu, kama ninavyosoma muswada. Lina kasoro, na sijafuta hata moja. Muhuri wangu nimeuweka ndani ya bahasha, nao ni wenu.

Nimevaa viatu vyeusi. Nimetembea navyo kutoka mtaa wa chini mpaka hapa, barabara bado matope, na soli imeshika.